Kitisho, Hofu na Ugaidi: Neno Moja la Kiingereza na Mji wa Eldoret

Lipo neno la Kiingereza ambalo wafasiri wa Kiswahili wamelipokea kwa wepesi mno, nalo ni "terror". Wepesi huo haukutokana na uhaba wa maneno. Kiswahili kina hofu, woga, kicho, kihoro, kiwewe, fadhaa, taharuki na kitisho, na kila moja lina mahali pake. Tatizo ni kwamba neno hilo la Kiingereza limebeba mambo mawili kwa wakati mmoja: hali ya moyo wa anayeogopa, na kitendo cha anayeogofya. Mfasiri aliyeushika upande mmoja ameuachilia wa pili, na katika Kiswahili cha umma nchini Kenya upande ulioachiliwa ni ule wa moyo. Makala haya yanachunguza hasara iliyopatikana kwa kuachiliwa huko. Mfano wake mkubwa ni Eldoret na viunga vyake, mahali ambapo upande huo wa moyo umejulikana kwa karibu sana.

Historia ya neno lenyewe yaweza kuelezwa kwa ufupi. Lilitoka katika Kilatini likapitia Kifaransa, na kwa karne nyingi lilikuwa na maana ya hofu kali, ile ya kumtetemesha mtu. Mapinduzi ya Ufaransa ndiyo yaliyolibadilisha. Katika miaka ya 1793 na 1794 watawala wa Paris waliifanya hofu kuwa chombo cha serikali, na kipindi hicho kikabaki na jina hilohilo hadi leo. Mwaka 1795 Kiingereza kilikuwa kimekwisha kupata neno la mtu atendaye jambo hilo. Hivyo neno likatoka moyoni likaenda mkononi, lakini halikuuaga moyo kabisa. Mwandishi Ann Radcliffe, katika insha iliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kufa kwake, alitofautisha hofu ya aina hii na maneno mengine ya jamii yake kwa kusema kwamba hiyo huipanua nafsi na kuziamsha hisi zote, ambapo nyingine huzigandisha. Mhakiki wa Kiswahili hana haja ya kuazima istilahi ili aione tofauti hiyo. Anayo taharuki, yenye asili ya Kiarabu iliyohusu kujongea na kutikisika, na anayo bumbuwazi, ambayo humshika mtu akasimama kama gogo.

Na hapa ndipo utajiri wa lugha unapoanza kuonekana. Woga ni tabia: mtu mwoga ni mwoga hata mchana kweupe, pasipo na kitu. Hofu ni jambo la wakati, lina sababu na kwa kawaida lina mwisho. Hata shujaa huingiwa na hofu wala asiitwe mwoga. Kicho ni hofu yenye heshima ndani yake, nayo imebaki zaidi katika lugha ya ibada, pale mtu anapomcha Mungu. Fadhaa ni mtikisiko wa moyo unaoonekana usoni na katika maneno yasiyopangika. Kiwewe humpata mtu akakimbia asikokujua, akachukua sufuria na kumwacha mtoto. Kihoro kina majonzi ndani yake, kwani ni hofu ya aliyekwisha kupoteza, au anayejua kwamba sasa hivi atapoteza. Waandishi wengi wa kamusi hulifasili neno hili la mwisho kwa haraka, kana kwamba ni hofu tu iliyozidi kipimo, nao hukosea. Mtu akutanaye na simba njiani hapatwi na kihoro. Kihoro humpata mama asikiaye kwamba simba ameonekana mahali alikowatuma wanawe.

Ukiyatazama maneno haya yote pamoja, jambo moja hudhihirika katika sarufi yake. Mtu huingiwa na hofu, hushikwa na kiwewe, hupatwa na kihoro, hupigwa na bumbuwazi. Vitenzi vyote vimo katika kauli ya kutendwa, na kinachotajwa baada ya "na" ni hofu yenyewe. Sentensi hukamilika bila kumtaja binadamu aliyeileta. Katika masimulizi ya kawaida hilo si kasoro, maana radhi na radi, njaa na ndui, vyote humjia mtu bila mwenyewe kujulikana. Lakini ikiwa hofu imetengenezwa na watu, kwa makusudi, kwa mafuta ya taa na mapanga, sarufi hiyo humsitiri aliyeitengeneza. Kiswahili kina dawa yake, nayo ni vitenzi ogofya na tisha. Cha kwanza kimetokana na ogopa, p ikageuka fy kwa kanuni ya zamani ya kusababisha. Leo kimebaki kuwa cha waandishi zaidi kuliko cha wasemaji. Cha pili ki hai kila mahali, kuanzia Lamu hadi Kisangani. Kwa umbo na kwa maana, tisha hudai mtenda: mtu humtisha mtu. Na jina lake, kitisho, hubeba pande zote mbili, yaani kitu kinachotisha na hali ya kutishwa inayokizunguka. Hakuna neno jingine la Kiswahili linalokaribia zaidi umbo la ndani la lile neno la Kiingereza.

Hata hivyo lililochaguliwa katika lugha ya umma ni ugaidi. Gaidi wa zamani alikuwa mnyang'anyi wa porini, mkaidi mwenye silaha, ndugu yake haramia wa baharini na jambazi wa mjini. Neno lilimtaja mtu kwa uovu wake, wala halikuuliza kama aliyeporwa aliogopa au hakuogopa. Lilipopewa kazi ya kutafsiri neno la Kiingereza la kisiasa, hasa baada ya mashambulizi ya mwaka 2001 huko Marekani, halikubadilika ndani. Serikali ya Marekani ilipotangaza vita vyake, Kiingereza kilisema vinapiganwa dhidi ya hofu kuu. Idhaa za Kiswahili zikatangaza "vita dhidi ya ugaidi". Tafsiri hiyo ilieleweka mara moja, na kwa mtangazaji mwenye sekunde chache mbele ya maikrofoni ilikuwa tafsiri ya busara. Lakini maana ilihama. Kiingereza kilitaja jambo linalotokea katika mioyo ya wengi. Kiswahili kikataja genge la watu wabaya. Wakenya walikuwa wamekwisha kuzoea maneno ya namna hiyo. Katika vita vya kaskazini-mashariki vya miaka ya 1960 neno lilikuwa shifta, na nalo likawa la kabila zima machoni pa askari wengi. Kabla ya hapo, tangu hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Kiingereza cha serikali ya kikoloni kiliwaita wapiganaji wa Mau Mau kwa lile jina lililozaliwa 1795, na sheria iliyokipiga marufuku chama chao haikufutwa hadi mwaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Historia hiyo inatosha kumfanya msomi alishuku neno lolote linaloanza kwa kumtaja mtu kabla ya kutaja alichokitenda.

Sasa na tutazame Eldoret. Mji huu, ulioitwa "Sikstifoo" na wenyeji wa zamani kwa sababu ya namba ya shamba lilipojengwa, na uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, umezungukwa na mashamba ambayo wenyewe wamebadilika mara nyingi: Wakalenjin wa asili, walowezi wa Kizungu na Makaburu, kisha baada ya uhuru wanunuzi kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wengi wao Wakikuyu. Mwaka 1992, nchi iliporudi katika mfumo wa vyama vingi, nyumba zilichomwa huko Burnt Forest na kwingineko. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 moto ulirudi kwa ukali zaidi. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa, kiungani mwa mji, kanisa la Kenya Assemblies of God lilitiwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu wakahamia katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret wakalala kwenye mahema. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika majuma hayo.

Kiswahili cha umma kiliyapa matukio hayo jina: ghasia za baada ya uchaguzi. Wengine waliandika machafuko, wengine vurugu, na yale ya 1992 yakawa mapigano ya kikabila. Yachunguzwe maneno haya moja moja. Ghasia ni kelele na msukosuko. Sokoni mna ghasia, na harusini pia. Machafuko ni hali ya kitu kilichochafuka, kama bahari. Bahari huchafuka yenyewe. Vurugu ni mambo kuvurugika. Mapigano ni tendo la pande mbili zinazopigana, kwa kiambishi kile cha kutendana, ingawa mtoto wa Kiambaa hakupigana na mtu. Katika orodha hii nzima hakuna hata neno moja lenye mtu anayeogopa ndani yake, wala mtu anayetisha. Ni maneno ya hali ya hewa. Yalitumiwa katika magazeti, katika hotuba, katika tafsiri za ripoti za serikali, na hatimaye katika vitabu vya shule, hadi yakawa kama jina rasmi la msimu.

Wenyeji wenyewe, wanaposimulia, hawayatumii sana. Husema "wakati wa vita", au "tulipokuwa roho mkononi", au husema mwaka tu na kunyamaza. Usemi wa roho mkononi unastahili kutiliwa maanani kuliko ulivyotiliwa na wataalamu. Mtu hatajwi kuwa ameingiwa na kitu. Yeye mwenyewe ameichukua roho yake mahali inapokaa na kuishika kama mzigo uwezao kunyang'anywa. Mnyang'anyi hatajwi, lakini mkono ulioshika roho hueleza kwamba yupo.

Miaka saba baadaye lilitokea jambo lililoziweka nomino mbili kando kando. Tarehe 2 Aprili 2015 washambuliaji wa Al-Shabaab waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Chuo hicho wakati huo kilikuwa tawi kishiriki la Chuo Kikuu cha Moi, ambacho makao yake yako Kesses, karibu na Eldoret. Baadhi ya walionusurika walikuwa wamejificha chini ya vitanda na ndani ya kabati saa nyingi. Mara moja, bila mjadala, magazeti yote ya Kiswahili yaliandika: shambulio la kigaidi. Kiambaa ghasia, Garissa ugaidi. Aliyejificha chini ya benchi la kanisa na aliyejificha chini ya kitanda cha bweni walitetemeka namna moja, lakini lugha imewaweka katika sura mbili tofauti za kamusi, na tofauti yenyewe haihusu waliyoyapata. Inahusu mtendaji alikuwa nani. Mgeni mwenye bendera nyeusi ni gaidi. Jirani mwenye kibiriti ni sehemu ya ghasia.

Hapa hoja ya kupinga ni lazima isikilizwe, kwa sababu ina nguvu. Yaweza kusemwa kwamba ugaidi una maana ya kisheria. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Kenya ilipitishwa mwaka 2012, na hata ndani yake hofu imetajwa: miongoni mwa makusudi yanayokifanya kitendo kuwa cha kigaidi ni kuutia umma, au sehemu ya umma, hofu. Kwa kipimo hicho, aliyetaka kuiita Kiambaa kwa jina hilo asingekosa hoja. Lakini kulipanua neno hili lifikie kila jirani mbaya ni kuipa dola fimbo nyingine, na yaliyowapata Wasomali wa Kenya katika misako ya Eastleigh mwaka 2014 yameonyesha fimbo hiyo huangukia nani kwanza. Hivyo pendekezo la makala haya haliendi upande huo. Kosa lilikuwa kulifanya jina la mhalifu libebe maana ya hofu. Kosa hilo halirekebishwi kwa kuongeza wahalifu. Kinachohitajika ni jina la kile kilichotendwa kwenye mioyo ya watu, liwezalo kutumika Kiambaa na Garissa kwa usawa, na waliotenda wahukumiwe kwa makosa yao yenye majina yake: kuua, kuchoma, kufukuza.

Fasihi imekwisha kutangulia, kama ilivyo kawaida yake. Ken Walibora aliandika juu ya uadui wa makabila katika Kufa Kuzikana mwaka 2003, miaka kadhaa kabla ya Kiambaa. Assumpta K. Matei, katika Chozi la Heri (2017), aliuweka moto wenyewe katikati ya riwaya. Ridhaa, daktari, anapoteza jamaa yake ndani ya nyumba iliyochomwa, na mkono uliohusika ni wa jirani, Mzee Kedi. Uamuzi huo wa kisanaa ni mkubwa kuliko wahakiki wengi walivyokiri. Kama mchomaji angekuwa mgeni asiye na jina, hofu ya riwaya ingekuwa ya simba njiani. Kwa kumfanya jirani aliyejulikana kwa jina na kwa salamu, Matei ameileta hofu ya pili, ile isiyokwisha moto ukizimika. Walionusurika watalazimika kuishi tena ng'ambo ya ua, na Ridhaa hataweza kuisikia hodi ya mtu yeyote kama alivyoisikia zamani.

Riwaya hiyo ilikuwa kitabu cha lazima katika mtihani wa kidato cha nne kuanzia mwaka 2018, na hapo ndipo uhakiki wa shuleni ulipoleta hasara yake. Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa neno taharuki kama mbinu: msomaji huachwa na hamu ya kujua litakalofuata. Ndivyo istilahi ilivyokubaliwa, na kwa hadithi ya upelelezi inafaa. Wakati huohuo magazeti hutumia neno lilelile kwa hofu inayoenea mjini baada ya mauaji. Kwa hiyo mwanafunzi wa Langas au Huruma, ambaye huenda alibebwa mgongoni kuelekea uwanja wa maonyesho mwaka 2008, hufungua kitabu kinachohusu jambo hilohilo na kuulizwa aonyeshe jinsi mwandishi alivyotumia taharuki. Anaandika juu ya hamu ya msomaji. Anapata alama. Hakuna mahali katika jedwali la mbinu na tamathali palipotengwa kwa ajili ya kile ambacho riwaya imekifanya hasa, ambacho ni kumrudishia msomaji kitisho na kumwonyesha aliyekitengeneza. Waliounda jedwali hilo walilichukua kutoka vitabu vya Kiingereza vya kufundishia hadithi fupi, na hawakuwa na Eldoret akilini. Haiwi haki kuwalaumu kwa hilo. Lakini waliolirithi hawana udhuru wa kuliacha lilivyo.

Neno kitisho nalo lina udhaifu wake. Mwenye kufungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mara nyingi hulikuta limewekwa nyuma ya "hofu kuu", kama mtu aliyealikwa kwa sababu ya jina la baba yake. "Hofu kuu" ni maelezo, si neno. Hupima ukubwa wa hofu na kukaa kimya juu ya chanzo chake. Wafasiri wa Biblia pia wamechangia. Pale ambapo Zaburi ya 91 katika Kiingereza cha King James inataja "terror" ya usiku, tafsiri ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 iliweka hofu, na kitenzi kilichotangulia kilikuwa ogopa. Muumini akaambiwa asiogope hofu. Kilichokuwa nje gizani, chenye miguu na kukaribia nyumba, kikawa kitu cha ndani ya kifua cha mwenye kuomba. Kitisho cha usiku kingalikibakiza nje kilipokuwa.

Kuna pia vijana, hasa wa Tanzania, ambao wamelifanya kutisha kuwa sifa. Mwimbaji aliyefanya vizuri huambiwa "umetisha", na tajiri mkubwa huwa tajiri wa kutisha. Wapo wasomi wanaonung'unika kwamba hivyo neno limeharibiwa. Manung'uniko hayo hayana msingi: Kiingereza nacho kimelitumia neno lake kwa mtoto mtukutu kwa miaka mingi bila kulipoteza, na katika sifa hizo za vijana mtenda bado yupo palepale, anayetisha na anayetishwa.

Wenye matata zaidi ni wingi. Vitisho, katika Kiswahili cha leo, ni maneno ya kutishia: barua ya vitisho, simu za vitisho. Tofauti hiyo ya umoja na wingi haijaandikwa vizuri katika kamusi, ingawa wasemaji huifuata bila kufundishwa. Huko Uasin Gishu ina uzito wa pekee, kwa kuwa katika miezi kabla ya uchaguzi vikaratasi viliwahi kuangushwa usiku mlangoni, vikiwaambia watu wahame. Hivyo vilikuwa vitisho. Kilichokaa nyumbani baada ya karatasi kusomwa na kuchanwa, watoto wakalazwa na viatu miguuni na mlango ukaegemezwa meza, kilikuwa kimoja, na umoja wake ndio unaopaswa kuingizwa kwanza katika kamusi, kwa maana ya kwanza, na mfano wa sentensi uwe na mtenda ndani yake.